Bunge la Kitaifa na Seneti ya Kenya: maswali mnayouliza kila mara

Tangu nianze kuzunguka kufundisha mambo ya katiba naulizwa maswali yaleyale, iwe ni kwenye baraza la chifu, kwenye chama cha akina mama ama kwenye grupu la WhatsApp saa tano usiku. Nimeyaweka pamoja hapa. Pale nimesema "angalia swali fulani" nenda usome huko, sitaeleza jambo moja mara mbili.

## Mambo ya msingi

Kwani Kenya ina bunge moja ama mawili?

Kikatiba ni Bunge moja lenye pande mbili, Bunge la Kitaifa na Seneti. Shida ni kwamba mtaani mtu akisema "bunge" huwa anamaanisha Bunge la Kitaifa peke yake, ndo maana wengi wanashangaa wakisikia maseneta nao ni sehemu ya Bunge.

Bunge la Kitaifa lina watu 349: wabunge 290 wa maeneobunge, wawakilishi wa kike 47 (mmoja kila kaunti), na 12 wanaoteuliwa na vyama. Ukiongeza Spika unapata 350. Seneti ni ndogo zaidi, maseneta 47 waliochaguliwa na kaunti zao, wanawake 16 walioteuliwa na vyama, vijana 2 na watu 2 wanaoishi na ulemavu, jumla 67, na Spika wao wa 68. Kila upande una Spika wake, makarani wake na kamati zake, na hakuna aliye bosi wa mwenzake.

Hii Seneti ilitoka wapi? Wazee wanasema ilikuwepo zamani

Wazee wako sawa kabisa. Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa ya majimbo, na Seneti ya maseneta 41 iliwekwa ilinde hayo majimbo yasimezwe na Nairobi. Serikali ya wakati ule haikuyapenda majimbo, ikayapunguza nguvu kidogo kidogo, na 1966 Seneti ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi tukabaki na bunge moja. Tukakaa hivyo karibu miaka 47. Katiba ya 2010 ndo iliirudisha kwa sababu tulikuwa tunaleta kaunti, na maseneta wa kwanza wa awamu hii walichaguliwa Machi 2013.

Mimi hii historia naisisitiza sana kwa sababu inaonyesha Seneti ikiondoka ugatuzi nao unaondoka. Kila mara mtu akisema "tuifute Seneti tuokoe pesa" nataka akumbuke kilichotokea baada ya 1966.

Mbunge, seneta, mwakilishi wa kike, MCA. Nimfuate nani?

Hapa ndo watu wengi wanapoteza wakati wao. Nimemwona mama mmoja akipanga foleni asubuhi nzima ofisini kwa mbunge akilalamikia zahanati kukosa dawa, alafu anaambiwa hilo ni la kaunti, arudi nyumbani.

Zahanati, hospitali za kaunti, soko, maji ya kaunti, chekechea, barabara ndogo za mtaa, hayo ni ya gavana na anayemkagua gavana kila siku ni MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi, barabara kuu, kodi za taifa, hayo ni ya serikali ya kitaifa, kwa hivyo mfuate mbunge. Basari ya CDF, ile hazina ya maendeleo ya eneobunge, iko kwa mbunge, na mwakilishi wa kike ana hazina yake ya makundi maalum. Mwakilishi wa kike anaingia Bunge la Kitaifa akiwa na kura sawa na mbunge yeyote, sio mgeni mle ndani, ingawa eneo lake ni kaunti nzima.

Seneta je? Seneta hana hazina ya basari na hajengi darasa. Kazi yake ni kutetea pesa za kaunti zisikatwe kule Nairobi, kutunga sheria zinazohusu kaunti, na kumuita gavana mbele ya kamati aeleze ripoti ya mkaguzi mkuu. Kwa hivyo ukisikia kaunti yako imelipa mabilioni na hakuna kilichojengwa, seneta ndo wa kumuandikia.

Mawaziri nao ni wabunge?

Hapana. Tangu katiba mpya mbunge hawezi kuwa waziri, akiteuliwa lazima aachie kiti. Ndo maana miswada ya serikali huletwa na kiongozi wa wengi, na mawaziri wanakuja bungeni kujibu maswali tu.

Spika anapiga kura?

Hapigi. Na kura zikilingana hoja imeanguka, hakuna kura ya turufu ya Spika.

## Safari ya mswada

Mswada unaanzia wapi na unapitia wapi mpaka uwe sheria?

Mbunge ama seneta yeyote anaweza kuleta mswada, na kamati pia inaweza, isipokuwa miswada ya pesa (angalia swali la Mswada wa Fedha hapo chini). Unachapishwa kwanza kwenye gazeti rasmi la serikali ili kila mtu auone.

Alafu unasomwa mara ya kwanza. Hapa hakuna mjadala, karani anasoma jina la mswada basi, na unapelekwa kwa kamati inayohusika, kama ni wa afya kamati ya afya, kama ni wa ardhi kamati ya ardhi. Kamati inatangaza kwenye magazeti kwamba inapokea maoni, inasikiliza watu, alafu inaandika ripoti. Kusomwa mara ya pili ndo mjadala wenyewe, wanajadili wazo zima, tunataka sheria hii ama hatutaki. Ukipita hapo bunge zima linakaa kama kamati na kupitia kifungu kimoja kimoja, hapo ndo neno "atalazimika" linabadilishwa kuwa "anaweza" na sheria nzima inageuka maana, wananchi wakiwa washalala. Mwisho unasomwa mara ya tatu, wanapiga kura ya kuupitisha.

Kama ni mswada unaogusa kaunti, haujaisha. Unavuka kwenda upande wa pili na kuanza hatua hizo hizo upya. Wakikubaliana unaenda kwa Rais.

Hiyo "maoni ya umma" ina maana yoyote ama wanatuchezea?

Swali hili naulizwa kwa hasira na naielewa hasira yenyewe. Niliwahi kuhudhuria kikao kimoja cha maoni ambapo mswada ulikuja kwa Kiingereza pekee, kurasa zaidi ya mia, nakala zikaisha kabla nusu ya watu hawajaingia ukumbini, na wazee waliotembea kutoka mbali wakaambiwa wana dakika mbili mbili. Nilitoka pale nimevunjika moyo.

Lakini bado nakwambia nenda, tena nenda na karatasi. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalazimisha Bunge kushirikisha umma, na mahakama zimewahi kufuta sheria kwa sababu wananchi hawakusikilizwa ipasavyo. Mahakama ikiuliza ushahidi, ushahidi ni karatasi zenu zilizopokelewa na kupigwa muhuri. Maneno ya mdomo ukumbini yanapotea. Andika kifungu namba ngapi, kina shida gani, na unataka kisomeke vipi badala yake. Mistari mitano ya hivyo ina uzito kuliko hotuba ya nusu saa ya kulaani serikali, kwa sababu karani wa kamati anaweza kuichukua na kuiweka kwenye ripoti kama ilivyo.

Na uende wakati mswada uko kwa kamati. Ukishafika kusomwa mara ya tatu umechelewa, hapo kilichobaki ni mahakama.

Nani anaamua kama mswada unahusu kaunti?

Maspika wawili wanatakiwa kukaa pamoja na kuamua kabla mswada haujajadiliwa. Ni kifungu cha 110. Kwenye karatasi ni rahisi lakini kwa vitendo imekuwa vita tangu 2013. Mwaka huo huo wa kwanza Bunge la Kitaifa liliupeleka mswada wa kugawa mapato kwa Rais bila kujali Seneti, maseneta wakaenda Mahakama ya Juu kuomba ushauri, na Novemba 2013 mahakama ikasema Seneti ilipaswa kuhusishwa.

Haikuisha hapo. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilitangaza sheria 23 kuwa batili kwa sababu zilipitishwa bila Seneti, na kesi ikaendelea kupanda ngazi za rufaa. Wabunge wanasema karibu kila kitu duniani kinaweza kusemwa kinahusu kaunti, maseneta wanasema wenzao wanawapuuza makusudi. Mimi naona maseneta wana hoja nzito zaidi, manake kaunti ndo zinazoendesha hospitali, kilimo na maji, ni sheria gani kubwa isiyogusa hata kimoja kati ya hivyo?

Pande mbili zikikataa kukubaliana?

Inaundwa kamati ya upatanishi, idadi sawa kutoka kila upande. Ina siku 30 za kupata toleo moja ambalo wote wataweza kulipigia kura, bila kubadilisha koma. Wakishindwa kulipata, ama likikataliwa na upande mmoja, mswada umekufa.

Mfano mkubwa ni 2019. Mswada wa kugawa mapato kati ya serikali ya kitaifa na kaunti ulikwama, upatanishi ukavunjika, ukaletwa mswada mwingine, na miezi ikapita kaunti zikiwa hazijapata pesa za mwaka mpya. Wauguzi na wafanyikazi wengine wa kaunti ndo waliumia. Mwishowe mwezi wa Septemba wakakubaliana shilingi bilioni 316.5. Katiba inasema kaunti zisipewe chini ya asilimia 15 ya mapato yaliyokaguliwa, kwa hivyo ubishi huwa sio kama zipewe, ni zipewe ngapi juu ya hapo.

Usichanganye hii na ile ya 2020. Ile ilikuwa ni kanuni ya kugawa pesa baina ya kaunti zenyewe, je uangalie zaidi idadi ya watu ama ukubwa wa ardhi na umaskini, na hapo maseneta waligombana wao kwa wao kikao baada ya kikao hadi Septemba.

Mbona seneta wangu hakupiga kura kwa Mswada wa Fedha 2024?

Kwa sababu hakuwa na nafasi ya kupiga. Mswada unaohusu kodi na matumizi ya serikali ya kitaifa ni mswada wa pesa, unaanzia na kuishia Bunge la Kitaifa. Wale vijana waliokuwa wanawapigia maseneta simu Juni 2024 walikuwa wanagonga mlango usio na mtu ndani.

Tarehe 20 Juni mswada ulisomwa mara ya pili, ukapita kwa kura 204 dhidi ya 115. Tarehe 25 Juni ukasomwa mara ya tatu, 195 dhidi ya 106, na siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia majengo ya Bunge, na watu wakapoteza maisha barabarani. Kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini, akaurudisha na pendekezo kwamba vifungu vyote vifutwe. Haukuwa sheria.

Lakini sio kila sheria yenye kodi ndani inakwepa Seneti. Ile ya nyumba za bei nafuu ya 2024 ilipitia pande zote mbili kwa sababu nyumba ni jambo linalogusa kaunti, na ikasainiwa Machi mwaka huo.

Rais akikataa kusaini, si basi imekwisha?

Haijaisha. Ana siku 14 za kusaini ama kuurudisha bungeni na sababu zake. Wakirekebisha vile alivyotaka, kura za kawaida zinatosha. Wakitaka kumpinga waupitishe kama ulivyokuwa, wanahitaji theluthi mbili, na kama mswada ulipita pande zote mbili basi ni theluthi mbili kila upande. Wakizipata Rais ana siku 7, na hata asiposaini mswada unakuwa sheria wenyewe.

Theluthi mbili kwa Bunge la Kitaifa ni wabunge 233, na hiyo ni namba ngumu kweli. 2019 Rais Uhuru Kenyatta alirudisha mswada akitaka kiwango cha juu cha riba za benki kiondolewe, wabunge waliotaka kumpinga wakashindwa hata kujaza watu 233 ukumbini, na riba zikafunguliwa. Ukiwa na mkopo wa benki, matokeo ya siku hiyo uliyaona kwenye mfuko wako.

Baada ya saini sheria inaanza kazi lini?

Inachapishwa ndani ya siku 7, na inaanza siku ya 14 baada ya kuchapishwa, ila kama sheria yenyewe imetaja tarehe nyingine.

## Kura na viti vitupu

Naona viti vitupu kwa TV na bado wanapitisha sheria. Ni halali?

Inategemea. Akidi, yaani idadi ya chini ya watu wa kuendesha kikao, ni wabunge 50 kwa Bunge la Kitaifa na maseneta 15 kwa Seneti. Kwa hivyo hao 50 kati ya 349 wanatosha kisheria kupitisha mswada wa kawaida, na mara nyingi wengine wako kwenye kamati, lakini sio wote na sio kila siku. Kama mbunge wako haonekani, taarifa rasmi za mijadala zinachapishwa na ziko wazi, ingia utafute jina lake uone alisema nini mwaka mzima. Hilo zoezi moja limebadilisha kura za watu wengi ninaowajua.

Seneta mteule ana kura ama ni mapambo?

Kwa mambo yasiyogusa kaunti ana kura yake kamili kama seneta yeyote. Kwa mambo ya kaunti hesabu inabadilika, hapo kila kaunti ina kura moja tu kupitia ujumbe wake, na ujumbe ni maseneta wote waliojiandikisha kupiga kura katika kaunti hiyo, kiongozi wao akiwa yule aliyechaguliwa. Kwa hivyo Nairobi yenye mamilioni ya watu na Lamu zina kura moja moja, na mswada unahitaji kaunti 24 kati ya 47. Watu wa kaunti kubwa wananung'unika, lakini hii ndo sababu Seneti ipo. Bila hivyo Lamu ingesikika wapi?

## Kubandua viongozi

MCA wakimtimua gavana mbona anakimbilia Seneti?

Kwa sababu kura ya MCA ni mashtaka tu, hukumu iko Seneti. MCA wanahitaji theluthi mbili, alafu Seneti inasikiliza, ama kupitia kamati ya watu 11 ama wote kwa pamoja, na mwisho inapiga kura kwa ujumbe wa kaunti kama nilivyoeleza swali lililopita. Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi walitoka kwa njia hii 2020. Wengine Seneti iliwaokoa. Gavana akishapoteza Seneti bado anaweza kwenda mahakamani, na Martin Wambora wa Embu 2014 alirudi kitini hivyo.

Na Rais ama naibu wake?

Bunge la Kitaifa linamshtaki kwa theluthi mbili, Seneti inamhukumu kwa theluthi mbili. Rigathi Gachagua ndo naibu wa rais wa kwanza kutolewa hivyo: tarehe 8 Oktoba 2024 wabunge 281 waliunga mkono na 44 wakapinga, na siku tisa baadaye Seneti ikathibitisha mashtaka 5 kati ya 11. Shtaka moja likipita tu linatosha kumtoa.

## Maswali ya pembeni

Mbunge anaruhusiwa kuongea Kiswahili?

Ndio, Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya ndizo lugha rasmi za Bunge. Kiswahili kilianza kutumika humo 1974. Miswada bado inaandikwa kwa Kiingereza na hilo linaniuma, kwa sababu nilizozieleza kwenye swali la maoni ya umma.

Naweza kumrudisha nyumbani mbunge kabla ya miaka mitano?

Kifungu cha 104 kinatupa hiyo haki, lakini sheria iliyotungwa kuitekeleza iliwekwa masharti magumu na hakuna mbunge aliyewahi kutolewa kwa njia hiyo. Hao hao wanaoweza kurudishwa nyumbani ndo walioitunga, hesabu mwenyewe. Kuna njia nyingine za kiti kuwa wazi: kukosa vikao 8 bila ruhusa ya maandishi ya Spika, kuhama chama, kufungwa jela.

Ile theluthi mbili ya jinsia iliishia wapi?

Katiba inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanaochaguliwa. Bunge lilipewa muda likashindwa kutunga sheria, na Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Mpaka Bunge lipitishe hiyo sheria, wanawake wanaingia zaidi kwa vile viti 47 na uteuzi wa vyama.

Mimi ni Mtanzania. Baraza la Wawakilishi la Zanzibar si kama Seneti yenu?

Sio sawa, ndugu. Baraza la Wawakilishi linatunga sheria za Zanzibar kwa mambo yasiyo ya Muungano, haliupitii mswada uliopitishwa Dodoma. Bunge la Tanzania ni la upande mmoja, kama la Uganda. Wenye seneti ukanda wetu ni pamoja na Rwanda, Burundi na Kongo.

Mswada uliokwama uchaguzi ukifika unaenda wapi?

Unakufa pamoja na Bunge hilo. Hata kama ulibaki kusomwa mara ya tatu tu, Bunge jipya halirithi kitu, mwenye mswada aanze upya kuuchapisha, kama mwenyewe amerudi bungeni. Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hivyo unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027, na miezi ya mwisho wabunge wengi wako mashinani wanatafuta kura. Kama kuna mswada unaoungoja, muandikie karani wa upande husika umuulize uko hatua gani na uko kwa kamati ipi, mapema kabla kampeni hazijapamba moto.